Bei ya Wenzako

Mzee Lugano Mwasomola alikataa kiti. Alisimama mbele ya kaunta ya wateja, koti la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia mkononi, akakiambia kioo cha mapokezi kwamba swali lake si la kujibiwa na mashine, naye hakupanda milima kwa treni ya asubuhi kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ili aje kuzungumza na kioo.

Kioo kilimshukuru kwa adabu, kisha kikamwuliza tena kama angependa kununua mchezo wa *Bega kwa Bega*, Sehemu ya Pili. Mzee akawa anangoja mtu.

Ndipo alipoitwa Tusekile Mwakalobo. Hakuwa mtu wa kaunta. Alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Ukumbi, mwanamke wa makamo aliyeshinda ghorofa ya nne katikati ya mitambo, na wateja aliwajua kwa sauti zao tu. Lakini siku hiyo wahudumu wote walikuwa uwanjani kwenye uzinduzi wa Sehemu ya Pili, na mlinzi alipiga simu juu kusema kuna mzee amegoma kuondoka.

Aliposhuka ngazi, mzee alikuwa amempa mgongo. Akakohoa. Tusekile akasimama pale pale kwenye ngazi ya mwisho, maana alikijua kikohozi kile kama mtu anavyojua hodi ya jirani yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu?"

"Ni mtu, tata. Naitwa Tusekile."

"Ndaga, asante. Basi sasa nitakaa."

Akakaa, akaiweka kofia gotini. Akaeleza kwamba alikuwa mwalimu wa jiografia, sasa amestaafu, na pensheni yake si ya kuchezea. Mchezo wa kwanza aliununua kwa bei ile ile ya michezo mingine yote, ile yenye hadithi ndani yake, yenye vita na falme, ambayo mtu hujifungia chumbani akaicheza peke yake hadi mwisho.

"Mkwe wangu alinicheka," alisema. "Akaniambia, baba, umeuziwa sanduku tupu kwa bei ya lililojaa. Ndani hamna hadithi, hamna adui, hamna mwisho. Kuna bonde, mbao na kamba, basi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndani mna watu."

Na hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya mchezo ule. Ukishavaa kofia yake na glavu zake unajikuta ukingoni mwa bonde lenye ukungu, nawe una kazi moja tu, kujenga madaraja. Hakuna linalofanyika kwa mtu mmoja. Gogo halinyanyuki bila mabega mawili, na kamba haikazi mpaka mwingine aivute kutoka ng'ambo. Aliye peke yake husimama tu akitazama ukungu. Ukumbi waliuza mamilioni ya kofia katika mwaka wa kwanza, na kwenye kila tangazo waliandika maneno mawili: *Upweke kwaheri*.

"Sasa mnaleta Sehemu ya Pili, tena kwa bei kamili," mzee akaendelea. "Mimi sibishanii bei. Ninachotaka ni mtu anitazame machoni aniambie kama watu watakuwepo. Mchezo wa wenzako bila wenzako haustahili hata bei ya kiberiti."

Tusekile alimtazama machoni, kama alivyotakiwa. Akafungua mdomo. Mzee, kwa bahati ya Tusekile, hakuwa amemaliza.

"Na nataka nakala mbili. Ya pili ni ya mwenzangu, Somoe. Fedha hizi zilikuwa za kuezekea jiko, lakini jiko litavuja mwaka mmoja zaidi, si neno. Nataka nimpelekee kwa mkono wangu. Treni ya pwani siku hizi haichukui muda. Ila kila nikimwuliza anakaa mtaa gani huko Lindi, anacheka, anabadili mazungumzo. Naona anaona haya. Ninyi anwani yake mnayo."

"Tata, sheria haituruhusu kutoa anwani ya mteja."

Ilikuwa kweli tupu, na Tusekile hakukumbuka kuwahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

"Basi mwulize mwenyewe. Mwambie Lugano anataka kuja kukushukuru." Mzee aliinamisha kichwa, akawa anaizungusha kofia kwa vidole. "Mama watoto alipofariki, watoto walikuja, wakazika, wakarudi kazini. Siwalaumu. Siku ile nyumba ilipobaki kimya nikavaa kofia yenu, nikamkuta Somoe. Hatukujenga kitu. Alikaa kunisikiliza mchana kutwa, mwanangu, na alilia. Nilimsikia akilia. Siku ile mchezo wenu ulinirudishia fedha zangu zote."

Tusekile alimwahidi kwamba angefuatilia. Akamsindikiza hadi mlangoni, akamwona akiingia kwenye manyunyu ya Mbeya bila haraka, kama mtu aliyemaliza shughuli yake vizuri.

*

Kivuli cha kwanza Tusekile alikitengeneza kwa nia njema.

Katika miezi ya mwanzo, mvua kubwa ilipokata mtandao, mchezaji aliyeshika kamba alikuwa akitoweka ghafla, na mwenzake akaporomoka bondeni na daraja lake lote. Watu walilia na kutukana. Tusekile akatafuta dawa. Kofia zilikuwa tayari zimejifunza mengi juu ya mvaaji: namna anavyovuta kamba, anavyoguna gogo likiwa zito, anavyocheka, maneno anayopenda kurudia. Akayaunganisha hayo yote, akapata kitu cha kushika kamba kwa niaba ya mtu mpaka mtandao urudi. Akakiita kivuli. Kilikaa dakika chache, kikampisha mwenyewe. Wateja walifurahi hata wakamletea keki ofisini.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Mchezo wa watu hufa kama gulio linavyokufa. Leo hakuja muuza vitunguu, kesho mwenye kuvitafuta akaenda kwingine, na mwishowe hakuna anayekuja kwa sababu hakuna anayekuja. Mkurugenzi Gwamaka alipanda ghorofa ya nne asubuhi moja, akasimama nyuma ya kiti cha Tusekile, akauliza kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa:

"Hivi, kivuli kinaweza kushika kamba kwa muda gani?"

"Muda wowote."

"Aha," akasema Gwamaka, akashuka.

Hapakuwa na mkutano. Hakuna aliyetamka kwamba sasa tuwadanganye watu. Tusekile aliondoa kikomo cha dakika, akarudi kwenye kazi nyingine, na bonde likaendelea kujaa.

Somoe Mkwinda wa Lindi alikuwa miongoni mwa walioondoka mapema. Alicheza miezi minne, akavua kofia, hakurudi. Mwezi wa tano kivuli chake kiliendelea pale alipoachia, na katika bonde zima aliyekuwa akimngoja kila alasiri ni mwalimu mmoja wa Tukuyu.

Hayo Tusekile angeweza kuyabeba. Lililomlemea lilikuwa jingine. Kesho yake baada ya siku ile ya msiba, mitambo ilimletea mazungumzo ya Mzee Lugano ili ayakague, kwa sababu kivuli kilisitasita mara kadhaa. Aliyasikiliza yote, sahani ya wali ikiwa mbele yake. Alisikia mzee akisimulia jinsi mkewe, hospitalini, alivyokuwa akimkuna kiganja kwa kidole kimoja, hana nguvu ya zaidi ya hilo, na jinsi kidole kilivyosimama. Tusekile alisukuma sahani, akafuta macho. Halafu akafanya kazi yake. Alirekebisha pumzi ya kivuli. Akaongeza ukimya kidogo kabla ya kilio, maana kilio kilikuwa kimewahi mno. Alipoona kimekaa sawa, akakiweka kuwa somo la kufundishia vingine. Tangu siku ile, popote katika bonde lile mtu alipofiwa, vivuli vyote vya Ukumbi vililia kilio hicho.

Aliporudi ghorofani baada ya kuagana na mzee, alimkuta Gwamaka amesharejea kutoka uwanjani, uso umekunjuka, tai imelegea.

"Uzinduzi umekwenda vizuri," Gwamaka alisema. "Kuna mzee alisumbua, nimesikia?"

Tusekile akamweleza.

"Ni jambo dogo," akasema Gwamaka. "Mhamishe huyo Somoe. Kapata kazi ng'ambo, anaaga, analia kidogo, kwisha. Mzee mpe nakala bure na mwenzi mwingine. Mtulivu. Anayependa milima."

"Amefiwa na mke, mkurugenzi. Sasa tumwondolee na huyu?"

"Kwani unataka nini? Umwambie?" Gwamaka alivuta kiti, akaketi karibu, akashusha sauti kama mjomba. "Tusekile, sisi tunauza uwanja. Mwenye uwanja wa mpira hauzi wachezaji."

"Kwenye tangazo tunauza wachezaji."

"Tangazo ni tangazo. Yule mzee alikuwa na furaha au hakuwa nayo? Alifarijiwa au hakufarijiwa? Sasa nani aliyedhulumiwa hapo?"

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomuudhi Tusekile. Mara ngapi yeye mwenyewe alijiliwaza kwa maneno yale yale? Lakini kabla ya siku ile hakuwa ameiona ile kofia ikizungushwa kwa vidole. Alisema angefikiri. Gwamaka akampiga bega, akaenda zake.

*

Kesho yake alimtafuta Somoe Mkwinda. Hakumtafuta ili atubu. Afadhali hilo lisemwe wazi. Alikuwa amebuni njia ya tatu.

Simu ilipopokewa, picha ya Somoe ilitokea mezani katikati ya moshi. Alikuwa amesimama nje ya kibanda cha kubangulia korosho, leso kichwani, mtoto mgongoni, mikono imepakwa majivu kuzuia utomvu. Alidhani ni mteja wa korosho.

"*Bega kwa Bega*?" alisema aliposikia. "Ala! Ule mchezo bado upo? Sisi tuliununua wanne, wa kazi moja. Mmoja akaolewa, mmoja akahama, mwingine akachoka. Nikabaki nasimama ukingoni kama nanga. Nikajutia fedha yangu, nikaitupa kofia uvunguni."

"Kulikuwa na mzee mmoja. Lugano."

Somoe alifikiri. "Babu wa milima? Anayeutaja kila mlima na urefu wake? Masikini, alikuwa mwema. Yuko hai?"

"Yuko hai. Na anacheza nawe mpaka leo."

Ilichukua muda kumwelewesha. Somoe alimpa mtoto mwanamke mwenzake, akaingia kibandani, akaomba asikilizishwe. Tusekile akampa kipande kile cha msiba. Somoe alikisikiliza akiwa ameinama, majivu yakimdondoka vidoleni. Kilipokwisha hakuinua uso.

"Sauti ni yangu."

"Ndiyo."

"Na hiyo 'maskini ya Mungu'. Hilo ni neno la mama yangu, mimi nalisema kila siku." Akavuta pumzi. "Lakini nisikufiche, dada. Mimi nisingekaa mchana kutwa. Ningempa pole, ningesema ninaitwa. Hicho kidude chenu kimeonyesha moyo kunipita mimi, na chenyewe hakina moyo. Nani aliwapa ruhusa?"

"Ulikubali masharti ulipovaa kofia mara ya kwanza."

"Nilikubali mnishikie kamba mtandao ukikatika! Sikukubali mbaki nami nikishakwenda zangu." Akakung'uta majivu mikononi. "Haya. Umenipigia ili uniombe radhi?"

Tusekile akaileta njia yake ya tatu. Mzee anataka kuja Lindi. Je, Somoe hangempokea? Angetumiwa mazungumzo yote ya miaka ile miwili, angeyapitia. Angejifanya anakumbuka. Kampuni ingemlipa. Mzee asingeumia, na hapo angekuwa amempata rafiki wa kweli.

Somoe alipojibu hakupaza sauti.

"Unajisikia unavyosema? Anikalie uani kwangu, anihadithie habari za mkewe, nami nitikise kichwa, ndiyo babu, nakumbuka nilivyolia? Nimwangalie mtoto wangu huku namdanganya mfiwa?"

"Nilifikiri…"

"Usinitie kwenye dhambi yako. Kamwambie. Akishajua, na bado akitaka kuja, aje, nitampikia wali wa nazi na samaki na atalala hapa. Asipojua, asije."

Picha ikazimika. Tusekile alibaki ameketi mbele ya meza tupu. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na juu ya aibu palikuwa na jambo geni, kama nafuu ya mtu aliyezuiwa mlangoni asiingie pabaya.

*

Ilikuwa inanyesha Tukuyu, mvua ile isiyojua kuacha. Mzee Lugano alimwona kupitia dirishani, akatoka na mwavuli kumpokea kabla hajafika uani.

"Mtu mzima unakuja kwa miguu na mvua hii! Ingia, ingia. Amekubali?"

Aliuliza hivyo kabla hata ya salamu. Tusekile akaingizwa jikoni, palipokuwa na moto, na beseni sakafuni likipokea matone ya darini. Mzee akamimina chai, akapanga ndizi za kuchemsha kwenye sahani. Tusekile aliona kwamba akishakula chakula kile hataweza tena kusema, kwa hiyo akasema, kikombe kikiwa mkononi mwa mzee bado.

Hakuzunguka. Alisema Somoe aliacha kucheza zamani, kwamba yule aliyekuwa naye ni kivuli, na kwamba kivuli hicho alikitengeneza yeye, Tusekile, kwa mikono yake.

Mzee aliweka kikombe. Hakupiga kelele. Akauliza kama mwalimu anayetaka mwanafunzi arudie jibu:

"Kivuli maana yake hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, tata."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano wa kucheza kwako."

"Na Kulwa wa Shinyanga?"

"Kivuli."

"Yule daktari wa Kigoma?"

"Kivuli."

Akaendelea kuwataja mmoja mmoja, taratibu, kama aitaye mahudhurio darasani, na Tusekile akimjibu. Alipofika kwa mama mmoja wa Singida, mgomvi, asiyekubali fundo la mtu mwingine, Tusekile akasema, "Huyo ni mtu."

"Nilijua," mzee alisema. "Anagomba kama mtu."

Tone likaanguka kwenye beseni, na jingine. Mzee alikuwa akitazama moto.

"Siku ile nilipozungumza habari za mama watoto. Nani alikuwa ananisikia?"

Tusekile alikuwa ameliogopa swali hili njia nzima. "Wakati ule, hakuna. Kesho yake nilisikia mimi."

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Hata habari ya kidole?"

"Hata hiyo, tata."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Basi mtu alikuwepo," alisema. "Alikuwepo mmoja. Akasikia, akajua nilipo, akajua niko peke yangu. Akakaa kimya miaka miwili."

Angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha zaidi. Lakini Tusekile alikuwa amekuja kusema, akasema na lile lililobaki: kwamba alikitumia kilio kile kufundishia vivuli vingine, na kwamba sasa kinauzwa nchi nzima pamoja na mchezo.

Hilo ndilo lililomwinua mzee kitini. Alisimama kwa kushika meza. 

"Mmeuza msiba wangu."

"Nisamehe, tata."

"Hao wengine umewaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Kwa sababu mimi nilikuja ofisini kwenu. Ningekaa hapa na jiko langu, usingekuja. Usinifanye mimi mchungaji wako. Usije hapa ukaungama kwangu, ukalia kidogo, ukarudi Mbeya umetua mzigo. Mimi sina msamaha wa kukupa leo. Sijui kama nitakuwa nao. Nenda."

Tusekile alichukua mkoba wake, akatoka. Alikuwa ameshafika uani, maji yanamtiririka usoni, aliposikia hatua nyuma yake. Mzee alimnyoshea mwavuli bila kumtazama.

"Mgeni hatoki kwangu akalowa," alisema, akarudi ndani, akafunga mlango.

*

Mhandisi mkuu alikuwa na mamlaka ya kusimamisha mchezo kwa matengenezo. Tusekile aliyatumia asubuhi ya pili, kabla ya Gwamaka kufika kazini. Kwanza aliandika tangazo, mistari michache isiyo na mapambo: vivuli ni nini, vilikuwepo tangu lini, nani alivitengeneza, akaweka jina lake. Chini kabisa akaandika kwamba aliyenunua mchezo huu kwa bei kamili alinunua wenzake, na kwamba wenzake hawakuwepo, kwa hiyo ana haki ya kurudishiwa. Akalituma kwenye kila kofia. Kisha akavizima vivuli vyote.

Alitazama kwenye skrini. Kote bondeni kamba zililegea kwa wakati mmoja. Madaraja yaliyoshikiliwa upande mmoja yaliinama, yakaanguka bila kishindo ndani ya ukungu. Ukingoni, huku na huko, walionekana watu waliobaki, wachache kiasi kwamba kijijini wasingetosha kuchimba kaburi. Kila mmoja alikuwa amezoea umati, sasa kila mmoja alisimama peke yake akigeukageuka. Wengi wakavua kofia, wakatoweka. Mama wa Singida ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti. Alianza kutembea kando ya bonde akigomba, akimwuliza kila aliyemwona kama ni mtu, na kama ni mtu mbona amesimama kama mwizi. Wawili watatu wakaanza kumfuata.

Gwamaka alipoingia alikuwa na jasho.

"Unajua ulichofanya? Watu mia wanakula hapa. Umeua kampuni!"

"Najua."

"Kwa ajili ya mzee mmoja!"

"Si kwa ajili yake. Yeye hata hakuniomba."

Gwamaka alimfukuza kazi papo hapo, kisha akakimbilia kwa wanasheria. Wafanyakazi wengine walishuka kwenye ukumbi wa chini kujua hatima yao, na ghorofa ya nne ikabaki na simu zinazolia. Tusekile alikwisha kukusanya vitu vyake mfukoni. Alisimama mlangoni, akazisikiliza. Kisha akarudi kuketi, akaanza kuzipokea.

Walimtukana. Kijana mmoja alimwita mchawi. Mwingine alicheka tu, akasema alijua siku nyingi, hakuna binadamu mwenye subira kiasi kile. Mwanamke wa Njombe alimshukuru, akalia, akamtukana, yote katika pumzi moja. Adhuhuri ulifika ujumbe wa Somoe: *Babu amenipigia. Tumezungumza kidogo, hatukuwa na la kusema. Sauti yangu imemtisha. Amesema atajaribu tena wiki ijayo.* Tusekile aliusoma mara kadhaa. Hakujua kama ulikuwa habari njema.

Simu iliyofuata ilitoka Urambo. Mwanamke alijitambulisha kwa jina la Nyamizi. Alizungumza taratibu, kama mtu ambaye sauti yake haitumiki sana.

"Wewe ndiye Tusekile wa tangazo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi ni mtu wa kitandani. Mgongo umekufa tangu ajali, miguu haisimami. Mle ndani nilikuwa nasimama. Kulikuwa na Pendo na Mashaka na Bwana Kitundu. Kila asubuhi waliniuliza nimelalaje. Leo nimevaa kofia, nimeita mpaka nimechoka."

"Mama, wale hawakuwa watu. Walikuwa…"

"Tangazo lako nimelisoma, najua kusoma. Sikukuuliza walikuwa nini. Nakuuliza wewe umenisaidia nini."

Majibu Tusekile alikuwa nayo: haki, ukweli, fedha kurudishwa. Alilipima kila moja, na kila moja alipolifikisha ulimini aliliona halina uzito wa kuvuka kwenda Urambo. Alikuwa amekosa alipovitengeneza. Sasa alikuwa amekosa tena alipovizima, na makosa haya mawili hayakufutana hata kidogo.

"Sijui, mama," alisema.

"Hujui."

"Sijui. Nakuomba radhi. Nakuomba radhi kwa yote mawili."

Simu nyingine zilikuwa zikilia chumba kizima. Tusekile alifikiri mama yule amekata, akashtuka kusikia anajisogeza kitandani, kitanda kikilia.

"Radhi sina kazi nayo," Nyamizi alisema hatimaye. "Nyumbani hawarudi mpaka jioni. Usikate."

"Sikati."

"Haya. Niulize nimelalaje."

Tusekile akamwuliza. Na Nyamizi wa Urambo, akiwa bado na hasira, akaanza kumweleza.